Mpishi Mwenye Tumbo Dogo

Nyinyi mlioingia kazi ya upishi wa sherehe juzi, mtu akiwauliza mpishi hula saa ngapi, mtakosa jibu. Mpishi hali. Mpishi anaonja. Anaonja mchuzi, anaonja nyama kama imelainika, anamaliza chapati iliyopasuka kwa sababu haiwezi kwenda mezani, anakwangua sufuria ya njugu kwa sababu kumwaga chakula ni dhambi. Jioni anafika nyumbani, mke anampakulia ugali, naye anasema, "Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni." Tena anaapa. Mimi niliapa hivyo miaka mingi, na mshipi wangu ulikuwa unahama tundu moja hadi lingine bila kuniuliza.

Siku hizi nimestaafu, niko Kanduyi na kuku wangu, na vijana hupitia hapa kuniuliza siri ya pilau. Siri ni kitunguu. Usikiharakishe, na usiache simu ikuite wakati kinabadilika rangi. Basi, hilo nimewapa bure. Lakini leo nataka kuwaambia habari za Mama Tabitha, mwanamke aliyenifundisha kazi, na jinsi alivyopasuliwa tumbo akarudi kupika katikati ya vyakula vya watu. Hilo hamtalipata kwenye kitabu cha mapishi.

Jina lake kamili lilikuwa Rispa Nafula. Alizaliwa Misikhu, akaolewa Kitale, akafiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja, Tabitha, aliyekwenda kusomea uuguzi ng'ambo na kufanya kazi huko. Miaka hiyo ya elfu mbili, ukisikia kuna harusi kubwa kati ya Kitale na Bungoma, ujue Mama Tabitha na kundi lake wako nyuma ya hema, na moshi unawatoa machozi.

Mimi nilimjia nikitoka kupikia shule ya bweni, nikidhani najua kazi. Shuleni unapikia watoto wasio na mahali pengine pa kula. Harusini mtu akikosa utamu atakusema mpaka mwaka ujao. Siku yangu ya kwanza niliwekwa kwenye maharagwe. Nikatia chumvi. Mwenzangu akapita, akatia chumvi. Mimi nikasahau kama nimetia, nikatia tena ili niwe na uhakika. Mama Tabitha akaja, akaonja, akafumba macho kama mtu anayeomba.

"Simiyu," akaniambia, "hii chumvi unapika ama unapanda?"

Nilitaka kutorokea kwenye mahindi. Yeye akaita viazi, vikamenywa mbio mbio, akagawa maharagwe kwenye sufuria mbili, akaongeza maji, viazi na nyanya. Wageni walikula wakaulizana ni nani aliyepika yale maharagwe matamu ya viazi. Alicheka siku hiyo mpaka akashika nguzo ya hema, na hema likacheka naye, maana alikuwa mama mkubwa kwelikweli.

Ukubwa huo sisi tuliuona kama tangazo la biashara. Wateja walimwangalia wakajua hapa kuna chakula. Hawakuona kile tulichokiona sisi: magoti yaliyokataa ngazi, presha, sukari, na pumzi iliyokatika akitoka jikoni kwenda kwenye gari. Mwishowe akawa anaongoza kazi akiwa ameketi, na anatuma sauti mahali ambapo miguu haifiki. Daktari alimwonya mara nyingi apunguze uzito. Alijaribu kufunga, alijaribu majani ya kuchemsha, alijaribu kutembea asubuhi. Alipungua, akarudi, akaongezeka zaidi.

Ndipo Tabitha akapiga simu kutoka ng'ambo. Kuna upasuaji, alisema, wa kupunguza tumbo, na sasa Nairobi unafanywa. Gharama angesimamia yeye.

Mama Tabitha akatuita tukiwa tunaosha vyombo. "Mtoto wangu anataka nikatwe tumbo," akasema.

"Likatwe lipelekwe wapi?" nikauliza. Mimi nilikuwa mjinga, msinicheke.

"Sijui, bana. Labda wanalitupa." Akaangalia mikono yake. "Simiyu, nataka kucheza na wajukuu. Nikikaa hivi, watanikuta kwa picha."

Akaenda. Wakampunguzia tumbo likawa dogo kama yai, wakaliunganisha na utumbo kwa njia ya mkato. Aliporudi, kikombe kimoja cha supu kilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Anameza kijiko, anangoja, anameza kingine. Akimeza haraka, kinarudi. Baadaye akaanza vyakula laini, kisha yai, samaki, maharagwe yaliyopondwa. Maji hakunywa pamoja na chakula, alikunywa pembeni. Tulizoea. Jikoni akawa anaonja kwa ncha ya kijiko, akitema, na macho yake yanajua kila kitu kama zamani.

Akaanza kupungua. Aproni yake ilizunguka mwili, ikarudi mbele, tukaifunga kwa kifundo kikubwa. Siku moja aliinama kuchochea kuni, akainuka mwenyewe bila mtu kumshika mkono. Alisimama pale na mwiko mkononi, akatuangalia mmoja mmoja.

"Mmeona?" akasema. "Si mmeona?"

Tulimpigia makofi mpaka mwenye harusi akaja kuuliza kama bibi harusi ameshafika.

Sasa nyinyi hamkuwako miaka ile, kwa hivyo niwaeleze. Wakati huo mtu akikonda haraka, watu walikuwa na jibu moja tu. Hawakulitaja kwa sauti. Walisema "amepata ule ugonjwa," wakavuta kiti nyuma kidogo. Mama Tabitha hakutangaza upasuaji wake. Ni nani anatangaza habari za tumbo lake sokoni? Watu wakajaza wenyewe pale alipokuwa amenyamaza.

Kulikuwa na Mama Njeri, mfanyabiashara wa mahindi pale Kitale, familia yao ilihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri zamani. Mteja wetu mkubwa. Sherehe zake tulizipikia zote, na ndiye aliyemfundisha Mama Tabitha kuponda mukimo, viazi na mahindi pamoja, usiwe mzito kama udongo wa kujengea. Binti yake alikuwa anaolewa, na kazi tulishaahidiwa. Asubuhi moja akafika dukani kwetu, pale tulipoweka vyombo vya kazi, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mama Tabitha, ile kazi ya harusi, tumeonelea upumzike," akasema. "Tumepata watu wengine."

"Mimi sijachoka, Mama Njeri."

"Najua. Lakini afya yako... watu wanaongea. Wageni watakataa kula. Si mimi, ni watu."

"Sawa," Mama Tabitha akasema. "Mungu awabariki watoto."

Sauti ilikuwa tulivu kabisa. Mama Njeri akaondoka, na Mama Tabitha akaingia stoo akafunga mlango. Nilidhani anaomba. Alipotoka, alikuwa na sukari kwenye mdomo wa juu.

Mimi sikujali. Nilidhani mtu akishakatwa tumbo, mambo yamekwisha. Hata akitaka kula hawezi. Vijana, sivyo. Nyama ingemkwama, ugali ungemkwama, lakini vitu vitamu na laini vinateleza. Mandazi yaliyolowekwa kwenye chai yanateleza. Biskuti zinateleza. Uji wenye sukari nyingi unateleza siku nzima, tama moja sasa, tama nyingine baadaye, na tumbo dogo halina mahali pa kusema limejaa. Wateja wakazidi kupungua, na tama zikazidi kuongezeka. Kile kifundo cha aproni kikawa kidogo. Tuliona, tukajifanya hatujui. Utamwambia nini mwajiri wako, tena mama mzima?

Mambo yalifika mwisho kwenye harusi moja hapa Kanduyi, na mwisho wenyewe ulikuwa keki.

Keki tuliioka sisi, ya ngazi tatu, nyeupe, na tuliilinda njia nzima kutoka Kitale kama mtoto mchanga. Tukaiweka kwenye hema dogo. Wakati tunapanga sahani, shangazi mmoja wa bwana harusi alipita nyuma, akamwona Mama Tabitha, akamwambia mwenzake kwa sauti isiyo ndogo, "Ndiye huyu? Na ati atatupikia?" Nilisikia. Mama Tabitha pia alisikia. Akageuka, akaingia kwenye hema la keki.

Nilipomfuata nilimkuta ameketi chini, jasho linamtoka, mkono kifuani. Moyo ulikuwa unamwenda mbio. Sukari nyingi ikishuka haraka kwa mtu aliyepasuliwa hivyo, mwili unaasi: kizunguzungu, kutapika, tumbo kukaza. Nikamshika, nikampepea na kifuniko cha sufuria.

"Umekula nini, Mama?"

Alielekeza macho kwenye keki. Nikazunguka nyuma yake. Ngazi ya chini ilikuwa imekwanguliwa sukari yote nyeupe upande mzima, ukaonekana mkate wenyewe, kahawia, uchi, na alama za vidole.

Nilitaka kulia, nikataka kucheka, sikujua nianze na lipi. Alipopata nafuu tuligeuza keki, upande ule ukatazama ukuta wa hema. Tukaweka maua. Tungepona kabisa, lakini mshereheshaji alikuwa mmoja wa wale wanaopenda mambo mapya. Keki ilipopelekwa uwanjani akashika kipaza sauti: "Sasa, kabla ya kukata, maharusi wataizunguka keki wakicheza, ili kila mtu aone upendo hauna upande wa nyuma!"

Wakaizunguka. Bibi harusi akafika nyuma, akasimama. Muziki uliendelea lakini yeye alisimama.

Mimi nilikuwa tayari nimetunga uongo wa panya. Mama Tabitha akanipita. Alitembea mpaka kwa yule msichana, akamshika kiwiko, akasema polepole, lakini tuliokuwa karibu tulisikia.

"Mwanangu, ni mimi. Nilisikia neno likaniuma, nikakula keki yako. Nisamehe."

Bibi harusi akamwangalia. Kisha akaangalia gauni lake, lililobana kama ganda la muwa.

"Mama," akasema, "mimi nimekaa na njaa mwezi mzima ili niingie kwa hii nguo. Hata mimi jana nililia jikoni na kijiko cha asali." Akachukua kisu. "Tukate hapa hapa palipoliwa. Hapa ndipo mtu alikuwa na hamu."

Mshereheshaji hakuelewa kitu, akapiga vigelegele, na watu wakaitikia. Shangazi alikula vipande viwili.

Kesho yake nilimwambia Mama Tabitha arudi kwa watu wa hospitali. Akakataa. "Watanigombeza. Wamenikata, wamenifunza, na nimeharibu. Nitawaambia nini?" Nikamwambia nitakwenda naye, na wakimgombeza tutatoka pamoja. Kulikuwa na dada mmoja mshauri wa lishe hapo Kitale, jina lake Chebet, mtoto wa wakulima wa mlimani Elgon, ambaye ndiye aliyekuwa akimfuatilia. Mama Tabitha alikuwa amemkwepa kwa miezi.

Chebet alimpima, akamsikiliza habari ya keki mpaka mwisho. Nilimwona anazuia kicheko, akashindwa, na sisi tukashindwa pia. Kisha akasogeza kiti karibu.

"Mama, daktari alikata tumbo," akasema. "Huzuni hakuikata. Hakuna kisu cha kuifikia."

Mama Tabitha akakunja leso yake mapajani.

"Kabla ya keki, ni nini kilitokea?"

"Yule shangazi."

"Na kabla ya sukari ya stoo?"

"Mama Njeri."

"Na zamani, kabla ya upasuaji? Siku mbaya ulikuwa unafanya nini?"

Mama Tabitha akafikiri sana. "Nilikuwa napika," akasema. "Na nikipika, naonja. Baba Tabitha alipofariki niliwapikia waombolezaji wote. Watu walinisifu nina nguvu. Kumbe nilikuwa nameza tu."

Chebet hakumpa hotuba. Alimwambia kurudi nyuma si kuanguka kabisa, wengi hurudi nyuma baada ya upasuaji, na hatari kubwa ni kujificha. Akamwambia asikae na njaa kutwa, kwa sababu mwenye njaa hawezi kuamua vizuri. Ale chakula kidogo kwa wakati wake, kuku au yai au maharagwe kwanza, vitamu viwe vya mwisho au visiwepo. Na hamu ikija ghafla, ajiulize kama ni tumbo linaita au ni roho. Tumbo likiwa na njaa, hata maharagwe baridi yatafaa. Roho ikiwa na njaa, itataka mandazi tu, na itayataka sasa hivi. Hiyo ya roho haishibi kwa kijiko. Aseme. Atafute mtu, aseme.

"Nimwambie nani?" Mama Tabitha akauliza. "Mtoto yuko ng'ambo."

Wote wawili wakageuka wakaniangalia mimi. Mimi mpishi wa maharagwe!

Hapo ndipo kundi letu lilibadilisha desturi, na hii nyinyi ichukueni hata kama matumbo yenu hayajaguswa. Tuliacha kula tukiwa tumesimama. Kabla wageni hawajapakuliwa, wapishi wote tunaketi, kila mtu na sahani, tunakula kama watu. Kuonja kukawa kwa zamu, na kijiko cha kuonja kidogo. Chapati zilizopasuka zinafungwa, zinapelekwa kwa majirani. Mwanzoni tulilalamika, ati mpishi gani anaketi moto ukiwaka? Lakini kazi ikawa nzuri zaidi, na mshipi wangu ukarudi tundu ambalo nilikuwa nimelisahau.

Na Mama Tabitha akajifunza kusema. Tuko kwenye kazi, utasikia kutoka upande wa chai: "Simiyu! Roho ina njaa!"

"Nani amekuudhi?"

"Huyu mwenye hema! Ameniita nyanya, ati mimi ni mzee!"

Tunaacha visu, tunamsema mwenye hema mpaka tunacheka, na mandazi yanabaki kwenye beseni. Wapishi wengine wakaiga. Mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, alikuja akasema roho yake ina njaa kwa sababu mke amekwenda kwao na redio. Tulimhurumia sana. Zaidi redio.

Hakushinda kila siku. Kuna siku alitumbukia, akasema, tukaendelea. Uzito ukaanza kushuka tena, polepole, kama mtu mwenye heshima.

Kisha akasema anakwenda kwa Mama Njeri. Nilimwambia asijiumize bure, harusi ilishapita, walishapikiwa na wengine. Akavaa viatu vyake vya kanisani, tukaenda. Mama Njeri alikuwa ghalani kwake, kati ya magunia ya mahindi. Alipotuona alishtuka.

"Mama Njeri, nimekuja kukuambia kitu kimoja tu," Mama Tabitha akasema. "Nilipasuliwa tumbo kwa sababu ya uzito. Hiyo ndiyo habari yangu. Lakini hata kama ningekuwa na ule ugonjwa mliousema, mukimo wangu haungekuwa nao. Ulijua hivyo. Ulinifundisha kuponda wewe mwenyewe, tukikula sahani moja."

Mama Njeri akakaa juu ya gunia.

"Niliogopa midomo ya watu," akasema. "Na harusi yenyewe, ngoja nikuambie, mukimo ulikuwa kama saruji. Wazee walikula wakininyamazia. Nisamehe, dada yangu."

"Nimesamehe. Na nimekuja mwenyewe ili nisimalize hasira kwa biskuti."

Mama Njeri akacheka, akafuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Kisha akainama, akashusha sauti. "Huo upasuaji... unauma sana? Haya magoti yananimaliza."

Nilitoka nje nikawaacha. Walikaa humo mpaka vibarua wakaniuliza kama magunia yanapakiwa au hayapakiwi. Baada ya hapo alitupa kazi tena, na wengine wakafuata, maana kwa Kitale neno la Mama Njeri lilitembea kuliko redio.

Miaka ilipita. Tukaacha kuni kwa gesi katika sherehe za mjini, mimi nikaunguza nyusi nikijifunza kuiwasha, na Mama Tabitha akawabeba wajukuu wawili walipokuja likizo, mmoja kila mkono. Nilidhani hakuna tena cha kumrudisha nyuma. Halafu mama yake mzazi akafariki kule Misikhu.

Tulikwenda kundi zima. Wanawake wa nyumbani walitukataza kushika mwiko, walisema sisi ni waombolezaji, si wapishi. Kwa Mama Tabitha hilo lilikuwa gumu kuliko kaburi. Mikono haikuwa na kazi. Kila aliyepita alimwekea kitu: "Kula, mama, usilie na tumbo tupu." Siku ya kwanza alikula mandazi na chai tamu mpaka akaugua. Asubuhi alinifuata pale nilipokuwa nanawa uso.

"Jana nimetumbukia," akasema.

"Leo utakunywa chai na nini?"

"Yai."

"Basi."

Siku ya mazishi, mchana, watu wakiwa wamerudi kutoka kaburini, nilimkuta ameketi kwenye mkeka kando ya nyumba ya mama yake. Mtu alikuwa amemletea sahani imejaa, akaiweka mbele yake. Hakuigusa. Nikaketi karibu. Alianza kusema kitu kuhusu mama yake, jinsi alivyokuwa akimwita kutoka shambani kwa jina la utotoni, na hakukimaliza. Akalia. Hakufunika mdomo, hakugeukia ukuta, hakutafuta kitu cha kutafuna. Alilia kama mtoto, kwa sauti, na majirani wakaja wakaketi naye, na mimi nikamshika bega, na chakula kikapoa mbele yetu. Nilimfahamu miaka mingi, nilimwona katika shida nyingi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona analia na mdomo mtupu.

Alilia mpaka akatosheka. Kisha akafuta uso kwa leso, akavuta pumzi ndefu kupitia puani, akasita. Akavuta tena.

"Simiyu," akasema, "hawa akina mama wanaunguza mchele. Nenda uwaondolee moto."